Banaras kwa mara ya kwanza: ulale siku tatu, uamke alfajiri

Watu wengi wa Unguja na Pemba wanaoijua India wanaijua kwa safari mbili, ya hospitali na ya mzigo. Anayempeleka mgonjwa Mumbai au Chennai na anayefuata vitambaa na vyombo vya jumla, wote hurudi na habari za miji mikubwa, na zile siku chache zilizobaki huishia madukani. Haya nayaandika kwa yule anayetaka siku hizo azipeleke kwengine: Varanasi, mji ambao wenyewe huuita Banaras wakizungumza na Kashi wakiomba, ukingoni mwa Mto Ganga, jimbo la Uttar Pradesh. Ndio mji mtakatifu kuliko yote kwa Wahindu. Unataka maandalizi kuliko Delhi au Mumbai, na wengi wanaorudi wakiusema vibaya wamekosea mambo mawili: wamekwenda kwa siku moja, na wamekwenda mchana.

Sababu iko kwenye mto wenyewe. Ganga hutoka milima ya Himalaya na kwa jumla hushuka kuelekea kusini-mashariki mpaka Ghuba ya Bengal, lakini ukifika Banaras hupinda ukaenda kaskazini. Mji wa kale wote uko ukingo wa magharibi, umejipinda kama hilali, uso umeelekea mashariki. Ng'ambo yake ni mchanga mtupu. Jua likichomoza halina kizuizi: hupanda juu ya mchanga, likavuka maji, likazipiga ngazi za mji mzima kwa wakati mmoja. Hapo ndipo watu wanapoingia majini kukoga na kuomba. Ukija saa 5 mchana unakuta mawe yanawaka, waliokuja kuabudu wamekwisha ondoka, na waliobaki kukupokea ni papasi, wale wanaowawinda watalii.

Kwa hivyo ulale huko siku tatu. Siku ya kwanza ni ya kufika na kupotea vichochoroni, ya pili ya mto, ya tatu ya mambo mengine, na kila alfajiri kati ya hizo ni ya ghatini. Ghati ni ngazi za mawe zinazoshuka mpaka majini. Ni kama diko letu, ila hili ni diko la kukogea, kuabudia, kufulia, kufungia mashua na, mahali pawili, kuchomea maiti. Ziko zaidi ya 80, zimepangana kwa kiasi cha kilomita 6 kutoka Assi upande wa kusini mpaka karibu na mto mdogo wa Varuna kaskazini.

Msimu mzuri ni Novemba na Februari. Kuanzia Aprili mpaka Juni joto hupanda kupita digrii 40, na si joto letu la kaskazi lenye upepo wa bahari. Ni kavu, na upepo wake ni wa moto. Julai mpaka Septemba ni mvua, mto unafura na kuzimeza ngazi, mashua zinapigwa marufuku, ibada ya jioni inahamishiwa juu ya mapaa. Aliyekwenda Agosti kuona ghati ataona maji. Disemba na Januari usiku hushuka chini ya digrii 10, nyumba hazina vipasha joto, na kuna ukungu mzito unaochelewesha treni na ndege kwa saa nyingi. Ukienda miezi hiyo chukua sweta mbili, soksi na kofia ya sufi, kwa sababu sweta la kuvalia kwenye boti ya Pemba halitoshi, na usipange ndege ya kurudi Unguja siku ile ile unayotoka Banaras.

Iko na sikukuu ya Dev Deepavali, usiku wa mwezi mpevu, siku 15 baada ya Diwali, ambapo ghati zote huwashwa taa za udongo. Picha zake ndizo zinazowavuta wengi. Mimi ninamshauri mgeni wa mara ya kwanza aikwepe: vyumba hujaa miezi kabla, bei hupanda mara kadhaa, na kwenye ngazi hapana pa kuweka mguu.

Sasa karatasi. Mtanzania anaweza kuomba viza ya utalii kwa njia ya intaneti. Anwani ya tovuti ya serikali ya India huishia na gov.in, ziko tovuti nyingi zilizotengenezwa kufanana nayo, zinazotoza mara mbili au tatu, na wengi hunaswa huko kwa sababu ndizo zinazotangulia ukitafuta. Omba angalau wiki mbili kabla, ingawa sheria inaruhusu mpaka siku 4, kwa kuwa picha isiyo na vipimo sawa au jina lililokosewa herufi moja hurudishwa. Chapisha kibali kwenye karatasi, usitegemee simu.

Kinachowakwamisha watu wetu zaidi kuliko viza ni cheti cha chanjo ya homa ya manjano. India hukidai kwa wanaotoka nchi inazozihesabu zenye hatari ya ugonjwa huo, basi uliza kabla ya safari kama Tanzania imo. Kikitakiwa, nawe ukatua bila cheti, au chanjo yako haijatimiza siku 10, unaweza kuwekwa karantini mpaka siku 6, na tiketi zako zote za mbele zimepotea. Cheti ukishapata ni cha maisha, kwa hivyo cha safari ya zamani bado kinafaa, mradi jina lake na la pasipoti ni moja. Hapo ndipo penye matatizo: cheti kimeandikwa Mohammed na pasipoti Mohamed. Kirekebishe kabla hujaondoka.

Fedha: chukua dola safi, zisizochanika, ubadilishe huko, mgeni haruhusiwi kuingia India na rupia. Noti kubwa inayotumika ni ya 500, kwani ile ya 2000 ilianza kuondolewa Mei 2023, na bado wako wanaojaribu kuwapa wageni. Wenyeji hulipa kwa simu kila mahali, hata chai ya rupia 10, ila mfumo wao kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki ya India, kwa hivyo mgeni anahitaji noti ndogo ndogo: 10, 20, 50. Mwenye mashua na dereva wa bajaji hawana chenji ya 500, au husema hawana. Wazee wetu wangejisikia nyumbani na rupia hizo, maana Zanzibar ilitumia rupia yake yenyewe mpaka shilingi ilipochukua nafasi mwaka 1936, na neno laki tunalitumia sisi na wao kwa hesabu ile ile.

Plagi zao ni za pini za duara, zetu zina pini bapa tatu, basi nunua adapta Darajani kabla ya safari. Saa yao iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu. Na jihadhari na tiketi za treni. Huandikwa kwa saa 24, siku ikianzia usiku wa manane. Treni ya 00:20 ya tarehe 12 inaondoka usiku wa kuamkia tarehe 12, si usiku unaofuata magharibi ya tarehe 12. Kwa mtu aliyezoea siku ianze magharibi, kosa hili ni jepesi mno, na likitokea hakuna wa kukurudishia fedha.

Kutoka Unguja utapitia Addis Ababa, Doha au Dubai mpaka Delhi au Mumbai, kisha ndege ya ndani. Kutoka Delhi iko pia treni ya kasi ya Vande Bharat, iliyoanza Februari 2019, inayokwenda mchana kwa muda wa kama saa nane, na ziko treni za usiku zenye vitanda. Kwa mgeni ninapendelea daraja la 3A au 2A: kuna kiyoyozi, shuka na blanketi. Tiketi hufunguliwa siku 60 kabla na huisha haraka. Ukiona WL kwenye tiketi, uko kwenye foleni ya kusubiri na huna kitanda. RAC maana yake una haki ya kupanda na kukaa, kitanda mpaka mwengine aghairi. Usipande na WL ukitumaini huruma.

Stesheni za kuangalia nazo ni tatu, na hili huchanganya. Varanasi Junction, ambayo madereva huiita Cantt, ndiyo ya mjini. Ile inayoitwa Banaras zamani ilikuwa Manduadih, imebadilishwa jina 2021. Na nyingine iko ng'ambo ya mto, umbali wa kilomita 16 hivi: Pandit Deen Dayal Upadhyaya Junction, ambayo mpaka 2018 ilikuwa Mughalsarai na wenyeji bado huiita hivyo. Treni nyingi kubwa husimama hapo tu bila ya kuingia mjini. Soma herufi za stesheni kwenye tiketi: BSB, BSBS, au DDU. Uwanja wa ndege uko Babatpur, kilomita 25 kutoka mjini. Hesabu saa nzima na zaidi.

Nyumba za kulala zilizo karibu na mto ziko ndani ya gali, vichochoro ambavyo mtu wa Mji Mkongwe atavifahamu mara moja: kuta ndefu, baraza, milango mizito, na pikipiki inayokuja kwa honi. Tofauti ni kuwa humo mna ng'ombe na mafahali waliojilaza njia nzima, nao ndio wenye haki ya njia. Pita taratibu upande wa nyuma yao, usiwaguse, na angalia chini, maana kinyesi kwenye mawe yenye maji kinateleza. Gari haifiki. Dereva atakushusha Godowlia au karibu yake, na kuanzia hapo unatembea. Andikiana na nyumba yako mapema wakutumie mtu wa kukupokea na mizigo, kwa sababu anayejitolea kukuonyesha njia atakupeleka nyumba nyengine inayompa kamisheni, akikwambia yako imefungwa, imeungua au imejaa. Hakikisha pia kuwa nyumba inapokea wageni wa nje. Sheria inawataka wamuandikishe kila mgeni kwa serikali, na ndogo nyingine hazifanyi kazi hiyo, zikakukatalia mlangoni usiku. Kaa upande wa Assi ukitaka utulivu na njia pana. Ukitaka kuusikia mji usiku kucha, kaa kati ya ghati za Dashashwamedh na Manikarnika, ghorofa ya juu, ufunge madirisha. Kima wa huko huiba miwani, simu na ndizi, na wanajua kufungua komeo.

Alfajiri. Jua huchomoza karibu saa 12 na dakika 40 asubuhi mwezi wa Disemba, na karibu saa 11 na dakika 10 mwezi wa Juni. Uwe ghatini nusu saa kabla. Assi kuna ibada ya asubuhi yenye muziki na mazoezi ya kupumua, iitwayo Subah-e-Banaras, na hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu moja ya maana: mto unakwenda kaskazini na Assi iko kusini, kwa hivyo mashua ya makasia ikitoka Assi inateremka na maji. Kuna mwanga wa kutosha ukipita Tulsi, Harishchandra na Kedar, jua linakutana nawe mbele ya Dashashwamedh, na unafika karibu na Manikarnika kiasi cha saa moja baada ya kuondoka. Ukianza upande wa pili unamwacha mvuta makasia apigane na mkondo, nawe unakaa muda mrefu unatazama ghati ile ile.

Patana mambo manne kabla hujatia mguu ndani ya chombo: bei ni ya chombo kizima au ya kila mtu, ni ya muda gani, mnashukia wapi, na ni makasia au mashine. Kinachoharibika siku zote ni jambo la kwanza. Mtu anasikia mia tatu, anapanda na mkewe na watoto wawili, wakishuka anaambiwa ni mia tatu kila kichwa. Lionyeshe kwa vidole na uliandike kwenye simu. Jaketi la kuokolea livae, hata kama unaogelea kama mtu wa Kojani. Mkondo wa Ganga chini ya ngazi una nguvu na mawe yana ukungu wa kijani. Bahati ikiwepo utamwona pomboo wa mtoni, mnyama karibu kipofu anayejiongoza kwa sauti.

Mashua ni ya siku moja. Alfajiri nyengine tembea kwa miguu kutoka Assi mpaka Manikarnika, saa moja bila haraka, kuanzia Novemba ngazi zikishaondolewa tope la mvua. Kwa miguu ndipo unapoona kazi: dobi wanapiga nguo kwenye mabamba ya mawe, kinyozi ananyoa vichwa vya waliofiwa, vijana wanashindana mieleka, kasisi amekaa chini ya mwavuli wa makuti akiwasubiri wateja wake. Ukipita karibu naye usinyooshe mkono. Atakuwekea rangi kwenye paji la uso au uzi mwekundu mkononi, akusomee dua ya wazazi wako, kisha ataje bei. Kusema nahin, bhaiya, hapana kaka, huku ukiendelea kutembea, kunatosha.

Manikarnika na Harishchandra ndizo ghati mbili za kuchomea maiti, na hapa ndipo mgeni anapojulikana ana adabu au hana. Wahindu wanaamini kuwa anayefia Kashi na kuchomwa kwenye ukingo huu roho yake inafunguliwa, haizaliwi tena. Ndiyo maana wazee huletwa kutoka mbali wakae wasubiri siku yao. Watu husema wamekwenda kutazama maiti zikichomwa, kama vile ni maonyesho. Ni mazishi. Fanya utakavyofanya ukipita penye matanga kwetu.

Mzanzibari atatambua mengi. Maiti haicheleweshwi, mara nyingi ni siku ile ile. Wanaume huibeba mabegani kwenye machela ya mianzi, imefungwa sanda na vitambaa vinavyong'aa, wakipita vichochoroni kwa haraka huku wakiita Ram naam satya hai, jina la Ram ni kweli. Ukiwasikia nyuma yako, jibane ukutani uwapishe. Wanawake kwa desturi hubaki nyumbani. Wakifika, maiti hutiwa mtoni, kisha hulazwa ngazini maji yachuruzike wakati kuni zinapangwa. Kuni hupimwa kwenye mizani mikubwa na maiti moja huhitaji kiasi cha kilo 300. Zikipungua mwili hauishi kuungua, na hilo ndilo linaloumiza familia maskini, maana bei ni kwa uzani na kwa aina ya mti, msandali ukiwa wa ghali kabisa. Harishchandra kuna tanuri la umeme kwa gharama ndogo. Wanaotunza moto ni jamii ya Dom, kazi ya kurithi, na moto wa kuwashia hutoka kwao; wanasema hauzimwi mchana wala usiku. Mtoto wa kiume mkubwa, amenyolewa kichwa, amevaa nguo nyeupe isiyoshonwa, huzunguka mara tano na kuwasha. Baada ya kama saa tatu hutupa chungu cha maji nyuma ya bega lake na kuondoka bila kugeuka.

Kwa hayo yote wewe simama juu, mbali, au ukae ndani ya mashua. Usipige picha, wala kutoka mtoni, wala kwa kuvuta lenzi. Usile, usicheke, usizibe pua kwa dharau. Moshi ukikushinda ondoka. Mwanamke mgeni hazuiwi, ila asikae kwenye njia ya wabebaji.

Na hapo hapo pana ulaghai uliokomaa kuliko wote mjini. Atakuja mtu mpole, asiyeomba kitu, akueleze taratibu kwa Kiingereza kizuri. Atakwambia yeye hujitolea kuwahudumia wazee wanaosubiri kufa, atakupandisha jengo lililo juu ya ghati uone vizuri, na huko utamkuta bibi kizee atakayekuwekea mkono kichwani. Kisha utatakiwa utoe sadaka ya kuni, kwa kilo, na kilo moja itakuwa na bei ya kustaajabisha. Ukikataa sauti hubadilika na wenzake hukuzunguka. Dawa yake ni kutomfuata mtu yeyote juu ya jengo lolote. Akiuliza unatoka wapi, usisimame. Fedha hizo hazifiki kwa wazee wala kwenye kuni.

Jioni iko ibada ya taa, Ganga Aarti, kwenye ghati ya Dashashwamedh: karibu saa 12 jioni wakati wa baridi na saa 1 usiku wakati wa joto, kiasi cha dakika 45. Makasisi saba, kila mmoja jukwaani pake, huinua taa za shaba zenye ndimi nyingi, kengele zikipigwa na magunda ya baharini yakipulizwa. Ni bure. Anayekuuzia kiti kwenye roshani au nafasi ya mashua anakuuzia starehe tu, na mashua za jioni hufungana mpaka zikawa kama daraja, huwezi kutoka mpaka wote watoke. Kaa ngazini saa moja kabla. Mkoba uwe mbele ya tumbo.

Hekalu la Kashi Vishwanath ndilo moyo wa mji. Jengo la sasa lilijengwa na malkia Ahilyabai Holkar, kazi ikaisha 1780, na dhahabu ya juu yake ilitolewa na Ranjit Singh, mtawala wa Punjab, katika karne ya 19. Disemba 2021 ilifunguliwa njia pana kutoka hekaluni mpaka mtoni, baada ya nyumba nyingi za gali kuvunjwa. Simu, kamera, mikoba, kalamu na saa za kisasa haviingii. Viache chumbani kwako, si kwenye kabati la muuza maua anayekutaka ununue trei ya sadaka. Mgeni huonyesha pasipoti halisi. Foleni za Jumatatu ni ndefu kuliko zote, kwani ndiyo siku ya Shiva, mungu anayeabudiwa humo. Asiyetaka kuingia humo kwa sababu za dini yake hakosi kitu mjini. Anayetaka tu kuelewa hekalu linavyojengwa aende lile la ndani ya Chuo Kikuu cha Banaras, chuo alichoanzisha Madan Mohan Malaviya mwaka 1916. Liko wazi kwa kila mtu, lina nafasi, na hapana anayekusukuma.

Ukuta kwa ukuta na hekalu la Vishwanath upo msikiti wa Gyanvapi, wa karne ya 17, na mahali hapo pana kesi mahakamani na askari wengi. Usipige picha wala usianzishe mazungumzo juu yake njiani. Kwa sala, Muislamu hana shida Banaras. Sehemu kubwa ya wenyeji ni Waislamu, na misikiti iko tele mitaa ya Madanpura na Dalmandi. Kwetu kibla kiko kaskazini. Huko kiko magharibi karibu sawasawa, kwa hivyo ukiwa popote ghatini, upe mto mgongo na umeelekea kibla. Chakula halali kiko mitaa hiyo hiyo; karibu na mahekalu ni mboga tupu. Nyama ya ng'ombe usiulize, kuchinja ng'ombe ni kosa la jinai katika jimbo hilo. Inayouzwa ni ya nyati, mbuzi na kuku. Asubuhi kula kachori, ila si kachori yetu ya mbatata: ya kwao ni mkate wa kukaanga uliotiwa dengu ndani, na mchuzi wa mbatata pembeni, kisha jelebi za moto. Lasi, kinywaji cha mtindi, hutolewa kwenye kikombe cha udongo. Ikiwa jina lake lina neno bhang, ina bangi, na hata thandai, kinywaji cha maziwa na lozi, huweza kutiwa, uliza kwanza.

Waislamu hao ndio wafumaji wa hariri ya Banaras, na mitaa yao ndiyo iliyomlea pia Bismillah Khan, mpiga shehnai, ndugu wa zumari yetu. Alizaliwa 1916, akapewa nishani kuu ya India 2001, akafa 2006 akiwa bado anaishi mji huu. Mitaani utasikia vitanda vya kufumia kabla hujaviona: mtu amekaa, miguu ndani ya shimo, juu yake kadi zenye matundu zinazochagua nyuzi. Sari moja ya mkono huchukua kuanzia wiki mbili mpaka miezi. Ile ya mashine hutoka kwa siku, na huuzwa kwa jina lile lile.

Anayenunua kwa ajili ya harusi aangalie hivi. Pindua kitambaa: kazi ya mkono huwa na nyuzi zinazoning'inia au zilizokatwa nyuma ya maua, na pembeni kabisa vitundu vidogo vya sindano zilizokuwa zikikinyoosha kitambaa wakati wa kufumwa. Nyuma ikiwa laini sana na maua yamefanana bila kosa hata moja, ni mashine. Omba uzi mmoja wa urefu wa kidole, uuchome. Hariri hunuka kama nywele na huwa jivu linalovunjika. Nailoni na polista huyeyuka ikawa shanga ngumu. Tafuta alama ya Silk Mark, lakini usiamini alama peke yake bila kuchoma uzi. Na usiende dukani na dereva, mwenye mashua wala kijana uliyekutana naye ghatini, kwa sababu kamisheni yake, ambayo si ndogo, inaongezwa kwenye bei yako. Muuzaji akikataa kukupa uzi, nyanyuka.

Maji ya mto usiyanywe wala usitie usoni, hata kama unawaona watu maelfu wakiyanywa kwa imani yao. Maji taka ya miji yanaingia humo. Chupa ziwe na lakiri isiyovunjwa, barafu iache, chai ya kuchemka ni salama. Chukua chumvi za kuongezea maji mwilini kutoka nyumbani, pakiti 6 kwa mtu mmoja. Mbwa wa ghatini usiwaguse. Aking'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 na uende hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo ya kichaa cha mbwa, usisubiri kurudi Unguja.

Siku ya tatu mchana nenda Sarnath, kilomita 10 kwa bajaji, ambapo Budha alitoa mafundisho yake ya mwanzo. Kuna mnara wa Dhamek wenye urefu wa mita 43 na zaidi, na makumbusho yenye kichwa cha nguzo cha simba wanne wa mfalme Ashoka, ambacho India ilikifanya nembo ya taifa 1950. Makumbusho hufungwa Ijumaa. Nusu siku yatosha, na ukimya wake unaufaa mwili baada ya siku mbili za honi.

Kuondoka, hesabu kinyume. Kutoka chumbani mpaka Godowlia ni kutembea na mizigo kwa dakika 15 au 20. Muombe mwenye nyumba hamali, mpatane bei mbele yake. Kutoka Godowlia mpaka Cantt ni kilomita chache tu, ila jioni ya watu wengi bajaji huchukua saa nzima, na mpaka DDU saa mbili, kwani magari hufungana darajani. Treni ikiwa ya usiku, ondoka kabla ya ibada ya taa haijaanza. Ikiisha, watu wote wa mtoni hutokea kwenye njia ile ile moja.